Ernst May: Jamaa aliyehesabu hatua za jikoni lakini hakumuuliza mpishi

KATIKA Kimathi Street, katikati ya jiji la Nairobi, kuna jengo liitwalo Kenwood House. Vijana wengi hulipita kila siku wakikimbilia mathree, au wakiwa wameagana kukutana na marafiki kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, bila kujua lilichorwa na nani. Lilijengwa 1937, enzi ambazo barabara hiyo iliitwa Hardinge Street. Aliyelichora alikuwa Mjerumani kwa jina Ernst May, mmoja wa wasanifu majengo waliovuma sana duniani karne iliyopita.

Kama unasomea UX, au una rafiki anayeshinda Kilimani akichora kurasa za programu za simu, jina hili linakuhusu. Fani hiyo ina maneno mengi ya kutisha, ila kiini chake ni chepesi: mjue anayekitumia kitu, tazama anavyokitumia, kisha panga kila jambo mahali ambapo mkono na jicho lake vitalitafuta. May alifanya hivyo kwa nyumba na mitaa karibu miaka 100 iliyopita, kabla ya mtu yeyote kuwaza kuhusu simu ya mkononi. Alifaulu pakubwa. Pia alikosea pakubwa, na baadhi ya makosa hayo aliyafanyia huku kwetu Afrika Mashariki.

Saa mkononi, jikoni

May alizaliwa Julai 27, 1886, mjini Frankfurt, katika familia iliyojiweza. Akiwa barobaro alienda Uingereza, na kati ya 1910 na 1912 akafanya kazi chini ya Raymond Unwin, mpangaji miji aliyeamini kwamba mfanyakazi wa kawaida naye anastahili nyumba yenye hewa, bustani na njia fupi za kutembea. Wazo hilo halikumtoka kichwani.

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani na kumkabidhi ujenzi wote wa jiji. Hali ilikuwa mbaya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeacha familia zikibanana katika vyumba vyenye giza. Kazi ya May ilikuwa kujenga haraka, kwa bei nafuu, na bila kumdharau mpangaji. Ndani ya miaka mitano timu yake ilijenga nyumba zaidi ya 12,000.

Siri yake ilikuwa kupima. May na wenzake hawakuanza na sura ya nyumba wakimalizia na mtu. Walianza na mtu: anaamka upande gani jua linapochomoza, anatembea hatua ngapi kutoka kitandani hadi bafuni, anahitaji nafasi kiasi gani ili aishi kama binadamu. Swali hilo la mwisho, yaani kiwango cha chini kabisa cha makao ya heshima, ndilo lililojadiliwa wasanifu kutoka nchi mbalimbali walipokutana Frankfurt mwaka 1929.

Mfano uliopata sifa kuliko yote ni jiko. Mwaka 1926 May alimwajiri msanifu wa kike kutoka Vienna, Margarete Lihotzky, ambaye baadaye aliitwa Schütte-Lihotzky. Bi huyu alitumia saa ya kupimia muda kujua kila kazi ya jikoni inachukua dakika ngapi. Alichunguza pia majiko ya mabehewa ya treni, ambamo wapishi wachache walilisha abiria wengi katika nafasi finyu. Matokeo yakawa jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Stuli ilizunguka ili mpishi asisimame kutwa. Kulikuwa na droo za aluminiamu zilizoandikwa majina ya vitu: mchele, sukari na kadhalika. Unga ulipewa droo ya mbao ya mwaloni ili usishikwe na wadudu. Mlango wa kusukuma ulimwezesha mama kuchungulia watoto walio sebuleni.

Majiko kama hayo takriban 10,000 yaliwekwa Frankfurt. Kabati za jikoni zilizopangwa ukutani katika fleti za Kileleshwa au Westlands ni vitukuu vyake. Kila droo na mahali pake, kila kitu na jina lake: huo ndio upangaji wa taarifa, ila hapa ulifanywa kwa mbao na bati.

May hakuishia hapo. Alianzisha jarida la kuwaeleza wakazi maana ya mtindo mpya wa kuishi. Ndani yake mliingia orodha ya bidhaa zilizochunguzwa na kupendekezwa, kuanzia viti hadi taa na vitasa vya milango, ili mpangaji asipoteze pesa kwa fanicha zisizotoshea. Mtaa wake wa Römerstadt ulikuwa wa kwanza Ujerumani ambao kila nyumba ilitumia umeme kwa shughuli zote.

Hata hivyo, si kila mtu alifurahi. Familia zilizozoea kula jikoni ziligundua kwamba hapo hapana nafasi ya meza. Jiko lilitosha mtu mmoja tu, kwa hivyo mume au binti aliyetaka kusaidia alikuwa kizuizi. Wengine walitia kwenye droo vitu tofauti kabisa na maandishi yaliyokuwa mbele. Bili za umeme ziliuma, na kodi iliwashinda wafanyakazi maskini zaidi, wale wale ambao mradi ulidai kuwatetea. Schütte-Lihotzky mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba alipochora jiko hilo alikuwa hajawahi kupika wala kuendesha nyumba.

Hapo ndipo ufa ulipoanza. Timu ya May ilikuwa imehesabu hatua za mpishi, lakini haikuketi naye kumuuliza anapenda kupika vipi, na akiwa na nani.

Mkimbizi asiye na pa kurudi

Mwaka 1930 May alifunga virago akaenda Muungano wa Kisovieti na kundi la wataalamu. Huko waliombwa kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk, mji wa chuma. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Vifaa vilikosekana, maagizo yalibadilika kila kukicha, na mipango ikakwama mezani.

Kabla hajapata kurudi kwao, Adolf Hitler alitwaa mamlaka mapema 1933. May alikuwa na damu ya Kiyahudi katika ukoo wake, na Wanazi walikuwa wamekwisha kumpaka tope kama mjenzi wa Kikomunisti. Mlango wa nyumbani ukafungwa. Jiji aliloliwekea paa juu ya vichwa vya maelfu halikuwa na nafasi kwake.

Yeye, mkewe Ilse na wana wao wawili walikimbilia Tanganyika mwaka 1934. Mtu aliyezoea kuongoza idara nzima ya ujenzi akawa mkulima karibu na Arusha. Lakini kalamu ilimwita. Kufikia 1937 alikuwa amehamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Kenwood House ni miongoni mwa kazi zake za kwanza mjini.

Alijijengea nyumba Karen, upande wa magharibi, katika eneo ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa shamba la kahawa lililomshinda Karen Blixen na kuuzwa vipande vipande kuanzia 1931. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi May alikuwa na nyumba yake, wateja, na uhuru wa kujaribu mawazo mapya.

Hapa ilimbidi ajifunze upya. Frankfurt alikuwa akilitafuta jua. Nairobi, karibu na ikweta, kazi ilikuwa kulizuia. Jua hapa hupita karibu utosini, likichoma kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Kwa hivyo jengo la busara hugeuza ubavu wake mrefu kaskazini na kusini, likaweka vivuli juu ya madirisha na kuruhusu upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kanuni hizo anazijua fundi yeyote mzuri wa mtaani. May alizitumia katika kazi zake nyingine pia, kama vile Shule ya Wasichana ya Aga Khan mjini Kisumu, hoteli ya Oceanic iliyokuwa Mombasa, na jengo la Makumbusho ya Uganda lililokamilika Kampala mwaka 1954.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Waingereza hawakujali kwamba alikuwa amewatoroka Wanazi. Kwao alikuwa Mjerumani, yaani adui. Mwaka 1940 alikamatwa na kuzuiliwa, akapelekwa Afrika Kusini na kukaa kizuizini miaka miwili hivi. Kwa mara ya pili katika maisha yake watu wenye makaratasi walikuwa wamemtia kwenye droo na kubandika jina juu yake. Mara ya kwanza iliandikwa Myahudi, mara ya pili ikaandikwa Mjerumani.

Jiji lililohesabu vitanda

Ungedhani mtu aliyetendewa hivyo angekuwa wa kwanza kukataa kuwapanga wenzake kwa rangi. Haikuwa hivyo.

Ni vizuri kuikumbuka Nairobi ya wakati huo. Kilimani, Lavington na Karen zilikuwa za Wazungu. Wahindi walikuwa na sehemu zao, kama Parklands. Mwafrika alikuwa na nafasi yake upande wa mashariki, kuanzia Pumwani, na mwanaume mtu mzima hakuruhusiwa kutembea bila kipande. Kangemi na Kawangware zilikuwa bado nje ya mipaka ya mji.

Serikali ya mji na waajiri walihesabu makao ya Waafrika kwa vitanda, si kwa nyumba. Katika vichwa vyao mkazi Mwafrika alikuwa na sura moja tu: kijana wa kiume, hana mke hapa, hana mtoto hapa, amekuja kufanya kazi na mkataba ukiisha atarudi mashambani. Wabunifu wa leo wana mtindo wa kuchora mtu wa kubuni anayewakilisha wateja wao, wakampa jina na umri. Nairobi nzima ilijengwa juu ya mtu wa aina hiyo, na mtu huyo hakuwepo. Waliokuwepo walikuwa na wake, watoto, wazee wa kutunza na ndoto za kubaki. Wakaingia wote katika nafasi iliyopimiwa kitanda kimoja, na mji ukawalaumu kwa kubanana.

May hakuuanzisha ubaguzi huo. Aliukuta umejaa. Lakini alipopewa nafasi, aliuchora vizuri zaidi.

Mwaka 1945 aliajiriwa kupanga upanuzi wa Kampala, na ripoti yake ikachapishwa 1947. Ilihusu vilima vya Kololo na Naguru. Kwa macho ya fundi, ni kazi ya kupendeza. Barabara zilifuata mikunjo ya vilima badala ya kuvikata. Kila kitongoji kilitengewa huduma zake ili watu wasitembee mbali. Mabonde yaliachwa kuwa mikanda ya kijani.

Ila mikanda hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Ilitenganisha watu. Wazungu na Waasia walipangiwa Kololo, kila kundi na upande wake, nao Waafrika wakapelekwa Naguru. May aliamini kwamba Mwafrika anapaswa kuongozwa hatua kwa hatua hadi afikie maisha ya Kizungu, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Jiko la Frankfurt lilikuwa na droo ya mchele na droo ya sukari. Kampala ilipata droo za watu.

Kipindi hicho hicho alibuni nyumba ya bei rahisi kwa ajili ya Waafrika. Ilitumia vibao vya zege vilivyotengenezwa mapema, kisha vikatundikwa kwenye fremu zilizopinda na kukutana juu kama ncha, ili wafanyakazi wachache waweze kuisimamisha bila mashine kubwa. Umbo lake lilidhamiriwa kukumbusha nyumba za msonge. Kiufundi lilikuwa wazo la akili. Lakini mtu aliyetoka mashambani akitafuta keja mjini hakuwa anatafuta kumbukumbu ya msonge. Alitaka pa kuweka meza, pa kuegemeza kabati ukutani, na pa kuongeza chumba familia ikikua. Ukuta uliopinda haukubali kabati. Mtindo huo haukuenea.

Mzee huyu aliyewahi kupima urefu wa hatua za mama wa Frankfurt kwa sentimita aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20. Kipimo alikuwa nacho. Muda alikuwa nao. Watu wa kuwauliza walikuwa wamejaa pande zote, wakiwemo waliofanya kazi kwenye nyumba za jirani zake Karen na kulala katika vyumba vya nyuma ya uwanja. Lakini alikuwa ameamua majibu kabla ya maswali.

Mwisho wa safari

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya kutokana na vita vya Mau Mau. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa yakiwachoma wapiganaji na wafuasi wao ni huko kupangwa: nani akae wapi, nani apite wapi, nani abebe kipande. Mwishoni mwa 1953 May, akiwa na umri wa miaka 67, aliamua kurudi Ujerumani.

Huko alipokelewa kwa heshima. Nchi ilikuwa magofu na ilihitaji mtu anayejua kujenga nyumba nyingi kwa kasi. Aliishi Hamburg, akaongoza mipango ya kampuni kubwa ya nyumba ya vyama vya wafanyakazi, na kushiriki katika mitaa mipya ya miji kadhaa. Alifariki Septemba 11, 1970, akiwa na miaka 84.

Leo mojawapo ya nyumba zake za Römerstadt imegeuzwa makumbusho, jiko lake likiwa limerudishwa lilivyokuwa. Jiko jingine la Frankfurt limehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa za kisasa ya MoMA, jijini New York. Na ile barabara aliyoichorea Kenwood House sasa ina jina na sanamu ya mtu ambaye wakoloni walimnyonga Februari 18, 1957.

Kutoka Ngong Road hadi Kangemi

Kwa nini kijana wa Nairobi ajisumbue na maisha ya Mjerumani huyu? Kwa sababu kazi aliyokuwa akifanya haijakoma. Imehama tu kutoka kwenye karatasi za ramani hadi kwenye kioo cha simu. Tangu iHub ifunguliwe Ngong Road mwaka 2010, upande wa magharibi wa jiji umejaa ofisi ambamo vijana huamua kitufe kikae wapi, fomu iulize nini, na menyu ianze na neno gani. Anayeamua yuko Kilimani au Lavington. Atakayetumia huenda yuko Kangemi au Kawangware, ng'ambo tu ya ukuta, ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kuhesabu.

Tuna mfano mzuri wa nyumbani unaoonyesha njia nyingine. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Oktoba 2005 jijini Nairobi na Thika, ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Waliokuwa wakiiunda wangeweza kusema hawa wanakosea, wafundishwe. Badala yake walitazama, wakakubali kwamba mteja ndiye aliyeona mbali, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kutuma pesa nyumbani ndiyo iliyokuwa kazi yake kuu. Droo ilikuwa na jina moja, watu wakatia kitu kingine, na jina likabadilishwa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumpima mtu na kumsikiliza. Kupima kutakuambia mpishi anatembea hatua ngapi kutoka sinki hadi jikoni. Hakutakuambia kwamba anapenda kupika na dada yake, ama kwamba watoto hufanyia kazi ya shule kwenye meza ya jikoni kwa sababu ndiko kwenye taa. Takwimu za programu zitakuonyesha wateja wangapi waliacha fomu katikati. Hazitakuonyesha mama mboga aliyeiacha kwa sababu swali la anwani halina jibu katika ploti yake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. May alikuwa na kipaji ambacho wengi wetu hatutakifikia, nia njema aliyoionyesha kwa kujenga maelfu ya nyumba, na maumivu ya kutosha kumfundisha maana ya kubandikwa jina na mtu asiyekujua. Bado havikutosha. Alichokosa kilikuwa kitu rahisi ambacho hakihitaji digrii: kuvuka hadi upande wa pili, kuketi kwenye stuli ya mwenye nyumba na kumwachia yeye aanze kuzungumza.